Bhuj kwa macho ya mtu wa Mombasa: makasri, mahekalu na saa za kufungwa

Mtu wa Mombasa akisema anakwenda India kutazama makasri, ataelekezwa Jaipur na Agra. Ni kuzuri huko, sikatai. Lakini kwa aliyezoea vichochoro vya Mji wa Kale, mji wa kuanzia ni Bhuj, kule Kutch, jimbo la Gujarat. Rao (ndivyo watawala wa Kutch walivyoitwa) Khengarji wa Kwanza aliufanya makao yake makuu mwaka 1549, na Wahindi wengi wa Mombasa wanaozungumza Kikachi asili yao ni eneo hilo. Siku mbili zinatosha Bhuj na ya tatu bandari ya Mandvi, mradi upange saa zako vizuri. Wanaorudi wakilalamika kwamba hakuna cha kuona, mara nyingi walifika mlango umefungwa.

Kwanza safari yenyewe. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano si ya kubahatisha. India inaihesabu Kenya miongoni mwa nchi zenye ugonjwa huo, na chanjo haihesabiki mpaka zipite siku 10 tangu kudungwa. Ukichanjwa Jumatatu ukaruka Ijumaa, unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na likizo imekwisha hapo. Viza ya mtandaoni inakubaliwa katika viwanja vilivyotajwa tu. Mumbai na Ahmedabad vimo, Bhuj hakimo. Rupia usizichukulie huku, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kuingia nazo India. Beba dola ubadilishe ukifika.

Kutoka Mumbai, treni ya Kutch Express huondoka jioni na kukufikisha Bhuj asubuhi. Huondokea Bandra Terminus, na hapo ndipo watu wanapoachwa: kuna stesheni nyingine ya Bandra, ya treni za mjini, na hizo ni sehemu mbili tofauti. Mwambie dereva "Terminus" na umuulize mara ya pili. Tikiti hufunguliwa siku 60 kabla. Ikiandikwa WL, bado uko kwenye foleni. Isipopanda mpaka orodha ya mwisho itolewe, tikiti ya mtandaoni hujifuta na pesa hurudishwa, na huna pa kulala usiku huo. Ikiandikwa RAC, utapanda lakini kwa kukaa, kitanda kimoja watu wawili. Wenye haraka wapande ndege hadi Bhuj, ila simu ikae mfukoni wakishuka, kwa sababu uwanja ule ni wa jeshi la anga na picha ni marufuku.

Wakati mzuri ni Novemba hadi Februari. Mwezi Mei joto hupita nyuzi 40, na ni joto kavu lisilo na upepo wa bahari, tofauti kabisa na la kwetu. Siku nazo zina mitego: Kutch Museum, makumbusho ya zamani kuliko yote Gujarat (1877), hufungwa Jumatano, na Aina Mahal hufungwa Alhamisi. Makasri mawili ya mji, Aina Mahal na Prag Mahal, hufunga mchana, tangu karibu na saa sita hadi saa tisa. Kwa hiyo uwe mlangoni saa tatu na nusu asubuhi, na mchana ule na kupumzika kama wenyeji.

Anza na Aina Mahal, maana yake Jumba la Vioo. Limo ndani ya Darbargadh, ua wa kifalme katikati ya mji mkongwe, na kwa nje halina makuu. Lilijengwa katikati ya karne ya 18 kwa amri ya Rao Lakhpatji, na fundi mkuu alikuwa Ramsingh Malam. Jina hilo Malam tulisikilize vizuri, kwa sababu ndilo malimu letu, yule mjuzi wa njia wa chombo. Alikuwa baharia. Inasimuliwa kwamba chombo chake kilivunjika karibu na pwani ya Afrika, akaokolewa na meli ya Waholanzi, akakaa Ulaya miaka mingi akijifunza kazi ya kioo, vigae, saa na nakshi za rangi juu ya madini. Aliporudi, Lakhpatji alimpa kazi, na ufundi wake wote ukamwagwa humu.

Ingia taratibu. Kuta ni marumaru nyeupe iliyofunikwa vioo, na kati ya kioo na kioo kuna mapambo ya dhahabu. Sakafu ina vigae vyeupe na buluu vya mtindo wa Delft, mji wa Uholanzi, ila vilifinyangwa na kuchomwa hapohapo Kutch, wala havikuagizwa. Chumba cha kukaa nacho kwa muda ni Fuvara Mahal. Katikati pana jukwaa ambalo Rao aliketi, na pande zote limezungukwa na birika la maji yenye chemchemi. Maji yalipandishwa huko kwa pampu na mirija. Mishumaa ikiwashwa, mwanga ulirudi mara mbili, kwenye maji na kwenye vioo, na maji yakipeperuka yalipoza hewa ya chumba. Rao alikuwa mtunzi wa mashairi, akikaa hapo na washairi na wapiga ala. Simama usawa wa jukwaa uinamishe kichwa kidogo ndipo utaona jinsi mistari ya vioo inavyoelekezwa kwake yeye aliyeketi. Ukisimama wima unaona vumbi tu.

Kisha tafuta mlango uliotiwa nakshi za pembe za ndovu. Mandvi, bandari ya Kutch, ilipokea pembe kutoka pwani yetu kwa muda mrefu, na ndiyo sababu mtu wa Mombasa asiupite mlango ule kama pambo la kigeni. Tazama pembe ilivyokatwa vipande vyembamba na kulazwa ndani ya mbao mpaka ukipitisha macho kando hakuna kilichochomoza. Kwa picha, zima flashi na usimame upande, la sivyo utajipiga wewe mwenyewe kiooni.

Utakachokiona ni sehemu tu ya jumba. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko la ukubwa wa 7.7 liliupiga mkoa huu na ghorofa za juu zikaanguka. Kuta za mawe mazito zilizoshikwa kwa udongo au chokaa dhaifu, bila kitu cha kuzifunga pamoja, hufunguka zikitikiswa, na dari hufuata. Mji mkongwe wa Bhuj ulikuwa umejengwa hivyo kwa sehemu kubwa.

Prag Mahal iko ua uleule, na haihitaji muda kama huo. Rao Pragmalji wa Pili aliianzisha mwaka 1865, ikachorwa na kanali Mwingereza, Henry Saint Clair Wilkins, kwa mtindo wa Kigothiki wa Kiitaliano, ikamalizika mwaka 1879. Ukumbi wake ni mkubwa na umechoka. Panda mnara wa saa wa mita 45, kwa viatu visivyoteleza kwani njiwa wamezichafua ngazi. Juu utaona mji wote hadi ziwa la Hamirsar. Ziwa hilo likijaa likafurika baada ya mvua, Bhuj hupewa siku ya mapumziko.

Jioni ni ya hekalu la Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu. La kwanza lilijengwa miaka ya 1820 na likaharibiwa na tetemeko. Hili jipya la marumaru nyeupe lilifunguliwa mwaka 2010, na michango mingi ilitoka kwa Wakachi walioko nje, Afrika Mashariki wakiwemo. Vijiji vya kando ya Bhuj kama Baladia na Madhapar vina familia nyingi zenye ndugu Kenya, kwa hiyo usishangae mzee akikuuliza habari za Mombasa kwa Kiswahili.

Adabu za hekaluni unaweza kujizoeza hapa nyumbani, kwenye hekalu la Wajaini la Langoni. Viatu hubaki nje, na kwa Wajaini hata mkanda na pochi ya ngozi haviingii. Vaa soksi, marumaru ya ua huchoma miguu mchana. Mabega na magoti yafunikwe. Leso au kikoi kinatosha. Zunguka ukiliweka sanamu mkono wa kulia, prasadi, chakula kilichobarikiwa, ipokee kwa mkono wa kulia. Wanaume na wanawake huketi mbali mbali. Watawa wa Swaminarayan wameapa kutokuwa na mazungumzo na wanawake, kwa hiyo mwanamke akimwona mtawa anakuja, ampishe njia. Si dharau, ni kiapo chao, na aheri ujue mapema kuliko kuudhika. Picha za sanamu uliza kwanza.

Asubuhi ya pili, kabla jua halijakaza, tembea hadi Chhatardi, makaburi ya ukumbusho ya Marao. Lile la Lakhpatji ndilo kubwa, nalo liliangushwa vibaya na tetemeko. Angalia nguzo zilizolala chini, kwa sababu hapo nakshi iko usawa wa macho.

Siku ya tatu nenda Mandvi, kilomita 60 hivi. Kasri la Vijay Vilas, la miaka ya 1920, liko nje ya mji karibu na pwani, na skrini zake za mawe zilizotobolewa zinastahili saa moja. Kula dabeli ukirudi: mkate uliojazwa viazi vya masala, chatne, njugu na punje za komamanga. Kisha shuka mto Rukmavati, ambako majahazi ya mbao bado yanaundwa ukingoni. Omba ruhusa, usikanyage mbao zilizopangwa, simama chini ya tumbo la chombo na utazame pale mbao mbili zinapokutana na pamba ya kalafati inavyosukumwa ndani ya ufa kwa patasi na nyundo, kipigo baada ya kipigo.