Nisindikize Kidogo

Wiki ya tatu, mshauri nasaha wangu pale Sheffield aliniambia nikija safari ijayo nivae viatu vya matope. Nikadhani Kiingereza kimenipiga chenga. Mimi nimekuja kueleza kwa nini silali, yeye ananiambia habari za viatu.

Kwa wasionijua: mimi ni mtoto wa Dodoma, nimekulia Kikuyu pale mjini, asili yetu upande wa Mvumi, na huu ni mwaka wangu wa 7 Uingereza. Nahudumia wazee, zamu za usiku. Baba alifariki nikiwa huku. Niliomba ruhusa kazini, nikazungushwa leo kesho, leo kesho, mpaka siku ya mazishi ikafika. Nikayatazama kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za dharura na sare yangu ya kazi. Udongo wa kwanza ulipoanza kuingia, picha ikaganda, kisha simu ikakata. Nikapiga mara 9, haikupokelewa. Nikarudi ndani kumgeuza mzee wa chumba namba 14 asipate vidonda vya mgongo.

Tangu hapo usingizi ukaniaga. Nikawa nalala kama ng'ombe: mwili uko chini, taya linacheua. Ningeweka bando kubwa zaidi. Ningeondoka tu, wanifukuze. Ningempigia mtu mwingine aliyekuwepo. Miezi inakwenda, na kila nikifumba macho naiona ile picha iliyoganda: mkono wa mtu, sepetu, na kona ya kanga ya shangazi.

Vikao vya mwanzo vilikuwa chumbani. Viti viwili vinatazamana, boksi la tishu katikati, saa ukutani. Yule mama ana umri wa mama yangu mdogo, ananitazama machoni, ananisubiri niseme. Sasa sisi tumelelewa kwamba kumkazia macho mtu mzima ni kukosa adabu, kwa hiyo dakika 50 zote nilizimaliza kwenye maua ya zulia. Hata jina lake lilinishinda kutamka. Nikawa namwita "Madam", akacheka, akasema mara ya mwisho kuitwa hivyo alikuwa amesimamishwa na polisi. Nadhani yeye ndiye aliyegundua kabla yangu kwamba kilichokuwa kinanibana ni vile viti.

Tukahamia nje. Tunaanzia Endcliffe Park, tunafuata kijito cha Porter kupanda nacho mpaka bwawa la Forge Dam, tunageuza. Lakini kabla ya kupiga hatua moja kulikuwa na makubaliano, na hapo ndipo nilipoona kwamba si matembezi ya kupunga upepo. Mwendo nauchagua mimi, yeye ananifuata. Haandiki chochote njiani. Mvua tunatembea nayo, radi hapana. Dakika 50 ni 50 hata kama zimetuishia darajani. Akaniambia waziwazi kwamba njia hii haimfai kila mtu: aliye katika hali mbaya sana, au asiyependa kabisa kuonekana analia, bora chumba chenye mlango. Kisha akauliza, "Tukikutana na mtu anayekufahamu, mimi niwe nani?" Nikamwambia awe Madam.

Siku ya kwanza tulitembea kama dakika 20 hatujasema kitu cha maana. Bata, matope, mbwa wa watu. Halafu kwenye kilima kimoja, pumzi inanipaa, nikajisikia nasema, "Sikumuona akifunikwa." Yeye alikuwa anatazama mbele, nami natazama mbele. Hakusimama wala hakugeuka. Angegeuka ningenyamaza, nina hakika.

Baadaye nikaanza kusoma, maana mimi jambo likinisaidia lazima nijue limetoka wapi. Kumbe si la jana. Mwaka 1910, Sigmund Freud mwenyewe, yule daktari wa mambo ya akili ambaye watu wanamjua kwa kochi la kulaza wagonjwa, alikutana na mtunzi wa muziki Gustav Mahler mjini Leiden, Uholanzi, na mazungumzo yao waliyafanya wakitembea mjini, kwa muda wa saa 4 hivi. Na mwaka 2015 watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 38 waliotembea dakika 90, wengine kwenye nyika, wengine kando ya barabara kubwa yenye magari. Waliopita nyikani walirudi wamepungukiwa na ule ugonjwa wangu wa kucheua mawazo. Wa barabarani walirudi kama walivyokwenda. Watu 38 ni wachache, sitaki mtu aanze kuuza dawa hapa. Kilichonisimamisha ni maelezo ya hiyo nyika: majani na vichaka, miti imetawanyika huku na huku. Nikasema hii si ndiyo njia ya kwenda kwetu?

Agosti hii nikapata likizo. Treni ya umeme kutoka Dar, mchana nipo Dodoma, upepo na vumbi vyake vinanipokea, zabibu zinauzwa kwenye madishi. Usiku nikamweleza mama kwamba kule nilikuwa nikihudhuria ushauri nasaha. Akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na majibu yalitokaje?" Ikabidi nicheke. Kwa watu wa umri wake ushauri nasaha ni kile chumba unachoingia kabla ya kupimwa virusi. Nikasema hapana mama, ni wa mambo ya akili. Hapo nikaharibu zaidi. Sisi tumekua na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mjini kwetu, na tangu utotoni anayeongea kisichoeleweka huambiwa katoroka Mirembe. Mama akaniwekea mlenda zaidi kwenye sahani na hakuuliza tena.

Nikajaribu kutembea peke yangu asubuhi, kabla jua halijawa kali, niendeleze zoezi. Jamani. Sheffield unaweza kupita ukilia na mtu akakupisha njia tu. Hapa kutoka nyumbani hadi barabara ya lami nimesalimiwa na watu 11, na salamu zetu mnazijua, haziishii kwenye mambo poa. Umerudi lini, mama hajambo, mbona umekonda, umeniletea nini. Yule Madam angekuja huku, lile swali lake la "mimi niwe nani" lingehitaji kikao cha ukoo.

Lakini nilikuwa natafuta kitu ambacho tayari tunacho. Tukaenda kijijini kuona kaburi. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeishi pale. Siku mbili tumekaa uani, tunaongelea uwele uliovunwa, bei ya ng'ombe mnadani, nani kaoa. Kwetu mgeni hasemi shida yake akiwa amekaa kwenye kigoda. Anakula, anasifia chakula, anaaga, anasimama. Halafu anasema, "Haya, nisindikize kidogo." Ni huko njiani, mkifika kwenye mti fulani, ndipo unaambiwa mtoto karudishwa ada, au ndoa imevunjika, au ile homa haiponi. Nimesindikiza watu wangapi maisha yangu yote? Na sikuwahi kujiuliza kwa nini hawakuyasema ndani.

Siku ya kuondoka, basi dogo lilikuwa linapita njia kuu jioni. Kaka akachukua begi langu, akalitupa begani, fimbo yake mkononi. "Twende nikusindikize, mdogo wangu."

Tukashika njia ya korongoni. Korongo kavu kabisa, akina mama wamefukua visima kwenye mchanga, wanachota kwa kibuyu kidogo kidogo. "Mbukwenyi," kaka akawaamkia, wakaitika, tukapita. Mibuyu mitupu, haina jani hata moja. Mabua ya mtama yanalia kwa upepo. Yeye mbele kidogo, mimi ubavuni nyuma yake, njia ni nyembamba.

Nikamwambia. Sikupanga. Nikamwambia kuhusu ngazi za dharura, simu kukata, kupiga mara 9, na kwamba nimeulaani mtandao wa simu kwa miaka miwili.

Kaka akatembea. Hatua 20, labda 30. Fimbo inagonga chini.

"Haukuwa mtandao," akasema.

Nikangoja.

"Simu nilikuwa nimeishika mimi. Niliikata mwenyewe." Akahamisha begi bega la pili. "Nilikuwa nalia kama mtoto, na watu wanatutazama. Nikaona utanisikia, na wewe uko peke yako huko, utafanyaje? Nikaikata. Ulivyokuwa unapiga, niliona ikiwaka mfukoni."

Sikumjibu kitu. Bahati njia ilikuwa inapanda, tukasikilizana pumzi tu. Baada ya muda akaanza kunisimulia yale ambayo sikuyaona: nani alishuka kaburini, upande gani baba alielekezwa, mvua ndogo iliyopita wakati watu wanaimba. Alisimulia yote akitazama mbele, polepole, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.

Ule mbuyu wa njia panda, ambao tangu enzi za babu ndio mwisho wa kusindikiza, tulikuwa tumeshaupita kitambo. Basi nalo nililisikia likipiga honi barabarani, likasimama, likangoja kidogo, likaondoka.

"Limekuacha," kaka akasema.

"Lipo la kesho."

Akanirudishia begi, akasema sasa nibebe mwenyewe, bega linamuuma.