Pichi ya pinioni: pima kabla ya kuagiza

Gari la rimoti likikumalizia giya kubwa kila baada ya wiki mbili, usikimbilie kulaumu nguvu ya mota. Kagua kwanza kama pinioni, ile giya ndogo inayokaa kwenye shafti ya mota, ina pichi sawa na giya kubwa. Pinioni ni chuma, mwenzake mara nyingi ni plastiki. Zikigombana, unajua nani ataliwa.

Pichi ni ukubwa wa jino. Wamarekani huhesabu idadi ya meno kwa kila inchi ya kipenyo cha giya: 32P, 48P, 64P. Hapo namba ikipanda, jino linapungua. Wanaotumia milimita huita moduli, na huko ni kinyume: namba ikipanda, jino linakua. Ukigawa 25.4 kwa pichi unapata moduli. 48P ni 0.53, 32P ni 0.79, 64P ni 0.40.

Ndiyo maana 32P hukubaliana na moduli 0.8, na 64P hukubaliana na 0.4. Lakini 48P haipatani na 0.5 wala 0.6, hata kama kwa macho ni ndugu. Traxxas Slash ya 2WD (inayosukumwa na magurudumu mawili) hutumia 48P, Tamiya TT-02 hutumia moduli 0.6, na yote mawili ni magari ya kipimo cha 1/10. Ukiibadilishia moja pinioni ya jingine, itazunguka vizuri mkononi. Ukishaweka betri italia kama kinu kikavu, kisha plastiki ianze kumwagika unga.

Kwa hiyo pichi huichagui wewe, giya kubwa imeshachagua. Kama haikuandikwa namba, hesabu meno, pima kipenyo cha nje kwa vernia (kipimio chenye taya, kinachosoma sehemu za milimita), kisha gawa kwa idadi ya meno iliyoongezwa 2, upate moduli. Pinioni ya meno 20 yenye 11.6 mm: 11.6 gawanya kwa 22 ni 0.53, basi ni 48P. Ikisoma 13.2 mm ni moduli 0.6, 17.5 mm ni 32P au 0.8, na 22 mm ni moduli 1. Rula ya shule haitoshi, kwani kati ya 48P na moduli 0.5 kwenye meno 20 tofauti ni milimita 0.6 tu. Meno yakiwa witiri, jino halitazamani na jino jingine na kipimo hupungua kidogo. Pima giya kubwa pia, majibu yake ni ya uhakika zaidi.

Kisekka, soko la vipuri vya magari Kampala, utapata kipuri cha Corolla, si pinioni ya 48P. Hii utaagiza nje, na ukikosea utasubiri tena. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi chuma, anaweza kukupanulia tundu au kukuchongea buchi (kipete cha kupunguza tundu), lakini meno yanahitaji kikatio cha pichi ileile. Usimwachie akisie. Tundu nalo lipime: mota za saizi ya 540 huwa na shafti ya 3.17 mm, zile kubwa za magari ya 1/8 mara nyingi 5 mm.

Idadi ya meno ya pinioni ndiyo yako kuchagua. Kwa vilima vya Kampala na majani marefu anza na meno machache, halafu ongeza moja moja. Endesha dakika tano, pima joto la mota. Likikaribia nyuzi 80 za Selsiasi, rudi nyuma jino moja au mawili.

Ukifunga, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya giya mbili, sukuma mota igusane, kaza, kisha zungusha giya ili karatasi itoke. Itoke imekunjika bila kuchanika. Zungusha giya kubwa mzunguko mzima, maana plastiki nyingine si duara kamili: ikikaza sehemu moja, legeza mota kidogo. Skrubu ya pinioni ikae juu ya ubapa wa shafti, na tone la gundi ya skrubu ya buluu. Grisi usiipake kwenye giya zilizo wazi. Vumbi la barabara ya murram likichanganyika na grisi linakuwa msasa.