Nilivyomtafuta mwenye kadi kabla ya kulipia Passo yangu Dodoma

Ukiulizia Dodoma bei ya kagari kadogo ka kutembelea, kabla hujatajiwa bei utaulizwa, "Unataka namba gani?" Wanamaanisha herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba: C, D au E. Namba E inaheshimika, namba C inadharauliwa, na bei zinapangwa hivyo hivyo. Lakini herufi ile inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, haikwambii lilitengenezwa lini wala limeishije. Gari la mwaka 2005 linaweza kuwa na namba E kwa sababu liliingia nchini juzi. Nilipolielewa hilo niliacha kuangalia kibao, nikaanza kuangalia kadi, yaani kadi ya usajili yenye jina la mwenye gari. Naamini ndicho kilichoniokoa.

Mimi napika chakula cha mchana kwa oda. Jiko langu liko Ipagala na wateja wangu wengi wako Mji wa Serikali, Mtumba, kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji. Nilikuwa napeleka hotpoti kwa bajaji. Mvua zikianza Desemba, bajaji zinapandisha bei na barabara za vumbi za mitaani zinageuka tope, na mtu wa ofisini hawezi kula saa nane chakula alichoagiza saa sita. Nilikuwa na akiba ya shilingi milioni 9, na ndani ya hizo nilitaka zitoke gari, karatasi zake zote na matengenezo ya kwanza. Mkopo sikuutaka kabisa.

Wazo la kuagiza Japani niliachana nalo mapema. Gari dogo lililofikisha miaka 10 na zaidi hutozwa ushuru wa bidhaa wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Zile zinazoonekana rahisi mtandaoni karibu zote zimeshavuka umri huo. Kikokotoo cha ushuru cha mamlaka ya mapato, TRA, kiko wazi kwa kila mtu. Ukijipigia hesabu mwenyewe utaelewa kwa nini gari la bei ya kutupwa kule linafika hapa likiwa na bei nyingine kabisa.

Nikabaki na zilizotumika hapahapa, za Toyota: IST, Vitz, Passo. IST ndiyo wanayoipenda wengi, na wana haki. Injini zake, ya cc 1300 na ya cc 1500, kila fundi wa Chang'ombe anazijua, spea ziko kila duka, na zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Tatizo ni kwamba kila mtu anaitaka, hivyo kwa pesa yangu nilikuwa naonyeshwa zilizochoka. Passo ya cc 996, ile iliyoanza kutoka mwaka 2004, watu wanaikwepa kwa sababu ina silinda tatu na ikiwa imesimama inatetemeka kidogo. Mtetemo huo ni wa kawaida kwa injini ya silinda tatu. Ukizidi mpaka usukani unacheza, mara nyingi ni maunti za injini zimechoka, au kuna plagi au koili inayokosa moto, na vyote hivyo vinabadilishika. Kwa mtu anayebeba mahotpoti na kurudi nyumbani, sikuona sababu ya kulipia zaidi milioni 3 ili nisitetemeke kwenye taa.

Sasa niseme habari ya kadi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Dalali mmoja alinionyesha IST maeneo ya Sabasaba, safi kwa macho, bei ya kuvutia. Nikaomba kadi. Jina lililoandikwa ni la mtu ambaye dalali alisema yuko Mwanza. Aliyekuwa analiuza alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa huyo wa Mwanza, na hakuna kati yao aliyebadili umiliki. "Dada, kadi isikupe presha," dalali akaniambia, "gari iko safi, mwenyewe tutampata tu, unampigia simu anakutumia kitambulisho." Nikamwomba ampigie pale pale. Simu haikupokelewa. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kubadili umiliki TRA kunamhitaji yule aliyeandikwa kwenye kadi: mkataba wa mauziano wenye saini yake na muhuri wa wakili, kitambulisho chake, TIN yake. Kama amefariki, unaingia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi lazima ateuliwe na mahakama kwanza. Kama yuko hai ila hapatikani, umenunua gari la kuendesha tu, gari ambalo hutaweza kuliuza kwa bei yake, na siku akitokea na kusema hakuuza utakuwa huna la kumjibu. Dodoma tatizo hili ni kubwa kwa sababu mji wetu ni wa watu wa kuhamishwa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, watumishi wanakuja na kuondoka, na magari yanabaki yakipita mkono kwa mkono na kadi ya mtu wa kwanza.

Kwa hiyo nikajiwekea sharti moja, na madalali wengi walinichoka: sioni gari kabla sijaongea na mwenye jina kwenye kadi. Wengi walikata simu hapo hapo. Sikujali, kwa sababu waliokata simu walikuwa wananipunguzia kazi.

Passo niliyoinunua niliipata kwa fundi wangu. Mama mmoja mstaafu wa Miyuji alikuwa anapeleka gari lake kwake kila mara, na macho yalipoanza kumsumbua akaamua kuliuza. Nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa fundi?"

"Ndiyo mama. Nauliza, kadi ina jina lako mwenyewe?"

"Jina langu na la baba yangu. Njoo uione."

Kabla sijakwenda nilimwomba asiliwashe gari asubuhi hiyo. Gari lililokwisha kuwashwa na kupata moto linaficha mengi: mlio wa cheni iliyolegea, moshi wa kwanza, uvivu wa kuwaka. Nilipofika na fundi nikaweka kiganja juu ya boneti, ikawa baridi. Fundi akawasha. Akanisogeza nyuma nikaangalie ekzosi. Moshi wa bluu unasema injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokatika hata injini ikipata moto unasema maji yanaingia kwenye silinda, na hilo ni jambo la gasketi ya silinda hedi, la gharama. Hapa palitoka mvuke kidogo wa asubuhi, ukaisha.

Kitu alichokitazama kwa muda mrefu kuliko vyote ni rejeta, nayo aliifungua kabla ya kuwasha. Akaingiza kidole, akakitoa, akanionyesha. Kilikuwa na ukijani wa kuleni, ile dawa ya kupoza injini, hakina kutu. Dodoma maji ya visima vingi yana chumvi, na mtu anayemiminia rejeta maji hayo mwaka hadi mwaka anajenga magamba ndani yake mpaka njia zinaziba. Gari la hivyo linakwenda vizuri mjini, halafu siku ya joto la Oktoba, ukiwa umewasha kiyoyozi unaelekea Ihumwa, linachemsha. Vitz moja niliyoiona kabla ya hapo ilitoa kidole chenye rangi ya udongo wa Bahi. Fundi alifunga kifuniko na kuniambia kwa sauti ya chini, "Hii tuiache."

Gia boksi alilipima kabla hatujatoka getini. Akakanyaga breki, akaweka R, akasubiri, akaweka D. Gari linapaswa kushika taratibu bila kurusha teke na bila kuchelewa. Akachomoa kijiti cha hidroliki, yaani oili ya gia boksi, akainusa: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usijadiliane bei, ondoka. Kisha tukapanda kuelekea chuo kikuu cha UDOM, mimi naendesha, yeye amekaa kimya ananisikiliza ninavyoongeza mafuta. Kwenye mwinuko ndipo gia inayoteleza inajulikana, kwa sababu injini inapiga kelele na gari haliongezi mwendo. Tuliporudi akachomeka kimashine chake cha kusoma kompyuta ya gari. Taa ya cheki injini inaweza kufutwa dakika tano kabla hujafika, ndiyo maana anapima baada ya mzunguko na si kabla.

Bodi niliikagua mwenyewe kwa sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Sumaku inashika bati, haishiki pati, ile lipu ya kuziba mabonde ya bodi. Mlango wa nyuma kushoto ilishika kwa shida, na mama akasema kabla sijauliza kwamba aligongwa na pikipiki akiwa ameegesha sokoni. Nilipenda alivyosema mwenyewe. Nikafunua zulia na sehemu ya tairi la akiba: pakavu, hakuna mstari wa tope. Matairi nayo yana tarehe. Tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mawili ya nyuma yalikuwa yamezeeka ingawa meno yalikuwepo, na jua la hapa linapasua mpira wa namna hiyo. Bushi za mbele zilikuwa zimekwisha, shokapu za nyuma zimelegea. Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi na bei za spea pembeni.

Kisha kadi. Namba ya chasisi kwenye kadi nilifananisha na ile iliyogongwa kwenye gari, herufi kwa herufi. Ya Passo ya cc 996 ya toleo la kwanza inayoendeshwa na magurudumu mawili inaanza na KGC10. Namba ya injini vilevile, kwa sababu injini ikibadilishwa bila kuandikishwa utakwama kwenye uhamisho. Kwa simu nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini, kisha wa TARURA wa maegesho, kisha wa TIRA wa bima. Palikuwa na deni dogo la maegesho ya mjini. Madeni haya yanafuata namba ya gari, kwa hiyo ukinunua bila kuangalia umenunua na faini za mwenzio. Mama alilipa siku ileile. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka haikutusumbua, kwani ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Bei ilianza milioni 8. Sikumwambia "punguza mama"; nilimpa ile karatasi. Matairi mawili, bushi, shokapu. Akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, akampigia fundi kuhakikisha bei ya shokapu, tukakubaliana milioni 7.2. Hakukuwa na dalali, kwa hiyo hakukuwa na cha juu cha mtu.

Kwa wakili tulikwenda mimi na mama, na mume wake akaja kusaini kama shahidi. Mimi ndiye niliyeomba aje, kwa sababu gari la nyumba ni la nyumba, na sikutaka siku moja baba mwenye nyumba aseme hakujulishwa. Tuliambatanisha nakala za vitambulisho vya NIDA na picha ndogo. Pesa nililipa benki, akaunti yenye jina lilelile la kwenye kadi, nikabaki na risiti. Nawasihi akina dada wenzangu wanaoweka pesa kwa vikoba: usibebe bahasha ya milioni kwenye mkoba ukakutane na mtu asiyejulikana maegeshoni. Benki ina kamera na ina kumbukumbu.

Maombi ya uhamisho TRA yalikwenda bila kukwama popote. Nililipia kwa kontro namba, na kwa kuwa muuzaji alikuwepo, kila alipohitajika alijibu. Nikakata bima yangu mwenyewe kwa jina langu, nikaanza kazi.

Matengenezo ya kwanza yalikuwa oili na chujio lake, plagi tatu, chujio la hewa ambalo lilikuwa limejaa vumbi jekundu, matairi mawili na bushi. Nikilaza kiti cha nyuma hotpoti zote za oda zinaingia na sufuria la mchuzi linakaa sakafuni bila kuyumba. Mafuta nimekuwa napima kwa kujaza tanki mpaka juu, natembea, najaza tena; kwa safari za Mtumba, zenye lami iliyonyooka, napata kama kilomita 16 kwa lita. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wanapotangaza bei kikomo za mafuta ndipo napanga upya gharama ya kupeleka chakula.

Kadi yenye jina langu ilipotoka nilimpigia mama wa Miyuji nimjulishe, ili ajue faini yoyote ya kuanzia siku hiyo si yake. Akaniuliza kama nimeshabadilisha bushi. Nikamwambia tayari, pande zote mbili, zimebaki shokapu za nyuma ambazo fundi ameshaziagiza.