Kiarabu cha kuongea na Kiswahili changu

Kila nikimwambia mtu najifunza Kiarabu cha kuongea jibu ni lilelile, ah kwako rahisi hicho, Kiswahili si kimejaa Kiarabu. Kimejaa ndio, ila subirini kidogo jamani.

Kwanza Kiarabu kipi? Kuna fusha, ile ya taarifa ya habari na vitabu na hotuba, halafu kuna anachoongea mtu na mama yake jikoni, na hicho kinabadilika kila unapovuka mpaka. Chukua tu "nataka". Mmisri mwanaume anasema ayiz, Msyria na Mlebanoni wanasema biddi, huko Ghuba utasikia abgha, Moroko ni bghit. Mimi nikachagua cha Misri, maana Wamisri walitawala sinema na muziki wa Waarabu sehemu kubwa ya karne iliyopita kwa hiyo ukiongea chao wengi wanakuelewa hata kama wao hawaongei hivo. Na kozi zinazomkalisha mtu miezi na irabu za fusha wakati yeye anataka kupiga stori tu, mi naona zinamchelewesha. Herufi zile 28 lakini jifunze mapema, hapo sibishani na mtu.

Sasa turudi kwenye hayo maneno tuliyokopa. Watu wa Kairo ile herufi qaf, k ya nyuma kabisa kooni, kwenye maneno mengi hawaitamki, wanakata pumzi kooni tu, basi dakika yetu inakuwa di'i'a, wakati ni wa't, kalamu ni alam. Herufi jim, j yetu, kwao ni g, haji anakuwa hagg, na ndivo wanavomwita mzee yeyote wa kumheshimu hata kama Makka hajawahi kufika. Af zile th na dh ambazo sisi tunazo tayari na tunajivunia, wao kwenye maneno ya kila siku wameziacha, thelathini ni talatin, dhahabu ni dahab. Yaani neno unalijua kabisa tangu utotoni ila linapita mbele yako limevaa nguo nyingine.

Kilichonibeba, na hiki hakuna aliyeniambia, ni sarufi. Baktib ni ninaandika, haktib ni nitaandika, unabadilisha kipande cha mbele tu kama sisi na -na- na -ta-. Shuftak ni nilikuona, neno moja, mtendaji na mtendwa wote wamo ndani. Kukanusha ndo kulinifurahisha zaidi maana wanabana kitenzi pande zote mbili, ma mbele na sh nyuma, mabaktibsh, nasi tunasema siandiki, si mbele na i nyuma! Na neno la kuuliza wanaliweka mwishoni, rayih fen, unaenda wapi, ismak eh, jina lako nani. Wa Sham, yaani Syria na Lebanoni, wanalitanguliza, shu ismak, kwa hiyo hapo Kairo ipo karibu zaidi na kichwa changu. Hata salamu, akhbarak eh, si ni habari zako hiyo.

Ugumu upo kwenye jinsia. Sisi "habari yako" ni ya yeyote, baba, dada, bosi, haina shida. Kwao kabla hujafungua mdomo lazima ujue unaongea na nani, izzayyak kwa mwanaume, izzayyik kwa mwanamke, na hata ukijisema mwenyewe, mwanaume ni ayiz na mwanamke ni ayza. Kuisoma kwenye daftari ni rahisi tu, kuitoa mdomoni wakati mtu wa upande wa pili ameshafika sentensi ya tatu ni habari nyingine. Ndo maana sa hivi nasikiliza zaidi kuliko kusoma, vipande vifupi vya watu wakibishana, narudia hadi naanza kusikia neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi.

Kuchati nako kuna mambo yake. Vijana wengi wanaandika kwa herufi za Kilatini na kuchomeka tarakimu, 3 ni ayn, herufi ya kubana koo, 7 ni ile ha ya kooni, 2 ni hamza, ule mkato wa pumzi, kwa hiyo "sijui" inakuwa ma3rafsh. Mwanzo inaonekana kama pasiwedi ila ukizoea inasaidia mno, maana maandishi yao ya kawaida hayaonyeshi irabu fupi na kwa anayeanza hilo ni fumbo kila mstari.

Wiki hii nipo kwenye wingi. Sisi tulipokipata kitabu tukakiona kina ki, tukakitia kwenye ngeli ya ki-vi, vitabu, yakaisha. Wao wanalivunja neno lenyewe katikati, kitab kutub, walad wilad, na mifumo ya kuvunja ipo mingi kwa hiyo nimeanza kuandika kila neno jipya na wingi wake palepale, likija peke yake silipokei.