Mount Gelai, dude la Nairobi lenye jina la mlima wa Tanzania

Juzi Jumamosi nikampeleka mpwa wangu Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, ana miaka saba na kwake treni ni SGR basi, nikamwambia twende ukamwone babu yao.

Tulipofika kwa injini ya mvuke namba 5918, ndiyo Mount Gelai, akanyamaza kabisa. Hata mimi huwa nanyamaza, maana hili dude ni kubwa jamani, tani 252, urefu unapita mita 30, na lilikuwa linatembea kwa reli yenye upana wa mita moja tu! Kwa reli za upana huo haijawahi kutengenezwa injini ya mvuke kubwa kushinda hizi za aina yake, zilikuwa 34, zilitoka kwa Beyer, Peacock kule Manchester miaka ya 1955 na 1956.

"Mjomba, kichwa kiko upande gani?"

Swali zuri sana hilo, kwa sababu uzuri wote wa Garratt, ndiyo aina ya injini hii, uko hapo. Boila imekaa katikati, imebebwa kama machela na injini mbili, moja mbele na tangi lake la maji, nyingine nyuma na mafuta, kwa hiyo ikifika kona kila upande unapinda kivyake na boila inapita tu. Na hiyo njia ya kutoka Mombasa ni kona na mlima, unaanza baharini unafika Nairobi uko juu zaidi ya mita 1,600, halafu nyuma umevuta mzigo wa tani 1,200. Wengi hudhani ilikula makaa, hapana, ilichoma mafuta mazito, hakuna mtu wa kupiga koleo.

Kitu ninachokipenda zaidi ni jina. Gelai ni mlima wa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, na mwenzake 5930 hapo hapo anaitwa Mount Shengena, mlima wa Upare. Hizi zilikuwa mali yetu sote, Kenya, Uganda na Tanzania, hadi shirika la Reli za Afrika Mashariki likavunjika 1977, na kila nikisoma kile kibao naona kama tulikuwa watu wa nyumba moja kweli, naumia.

Mpwa wangu akaweka kiganja kwenye gurudumu, chuma kimepigwa na jua tangu asubuhi, akautoa mkono haraka.

"Mjomba, bado ni moto! Imefika saa ngapi?"