Utazoea, wanasema

Kila anayeingia shifti ya usiku huambiwa hivyo: utazoea tu. Mimi ni mwokaji mikate hapa Tanga. Naanza kukanda unga saa nne usiku, na alfajiri bofulo zimeshapangwa kwenye makreti, vijana wa baiskeli wanazigombania. Miaka inapita, sijazoea. Na si uvivu. Mchawi wangu ni jua.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna fungu la seli kama 20,000. Ndizo zinazoendesha saa ya mwili: lini usingizi uje, lini joto lipande, lini presha ishuke. Saa hiyo hujirekebisha kwa mwanga unaoingia machoni. Sasa mimi natoka kazini saa moja asubuhi, jua linanipiga usoni mpaka nyumbani Makorora, na ubongo unasema kumekucha. Utazoea vipi?

Saa yenyewe ni kaidi, na hata mimea inayo. Mwaka 1729 mwanasayansi Mfaransa, de Mairan, aliufungia gizani mmea wa aina ya kifauongo, huu huu wanaouchezea watoto. Majani yakaendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku, jua hayalioni.

Kazini ukaidi huo nauona saa kumi usiku, wakati joto la mwili linapokuwa chini kabisa. Macho yako wazi lakini mtu hayupo. Saa hiyo simruhusu kijana mgeni kugusa mashine ya kukandia, hata akinuna.

Halafu kuna chakula. Usiku mwili haupokei wanga kama mchana, insulini inafanya kazi kwa unyonge, sukari inakawia kwenye damu. Kwa watu tunaoshinda na unga, kisukari si habari ya mbali.

Kwa hiyo asubuhi napanda bodaboda nimevaa miwani myeusi na kofia, mke wangu anasema nafanana na jambazi. Chumbani nimetundika blanketi dirishani. Nakula nyumbani kabla ya kutoka, na usiku nakunywa chai ya rangi, mwisho saa saba.

Kazini tunapewa wali maharage wa bure saa nane usiku. Nimemwomba bosi ausogeze hadi saa tatu, kabla hatujaanza. Amesema atafikiria. Wenzangu wamesema nisiwaharibie.