Viporo 14 vya Blanketi za Viraka, na Macho Yaliyopungua

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa ule ule: macho yakipungua, nunua miwani kali zaidi. Nilinunua ya kando ya barabara, +3.50, kisha +4, na kazi yangu ya kushona blanketi za viraka ikazidi kuharibika. Hakuna aliyenieleza kwamba miwani ya kusomea ina umbali wake. Kwa jicho ambalo kwa mbali halihitaji miwani, +2 inaona sawasawa kwenye sentimita 50, +3 kwenye 33, +4 kwenye 25. Sindano ya cherehani, ukikaa mgongo wima, iko sentimita 40 hivi kutoka usoni. Ukivaa +4 utalazimika kuinamisha kichwa mpaka paji la uso likaribie ule mkono wa chuma unaopanda na kushuka na uzi. Shingo inauma, kivuli cha kichwa chako kinafunika kitambaa, na unadhani macho yamezidi kufa. Sasa nina miwani mbili: +2.50 ya cherehani, fremu nyekundu, na +3.50 ya sindano ya mkono, fremu nyeusi. Zote mbili bei ya soda chache.

Na kabla ya miwani, daktari wa macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji na mwanga ukarudi. Presha ya macho haiko hivyo: dawa ya matone inazuia isiendelee, lakini kilichopotea hakirudi. Mimi nilikuwa na vyote viwili. La kwanza lilitolewa. La pili ndilo lililonilazimisha kufungua salfeti za mabaki ya vitenge na kuhesabu upya viporo, yaani blanketi nilizoanza nisizimalize, kwa sababu presha ya macho inakula pembeni mwa uono na pia inafifisha tofauti za rangi. Bluu iliyokolea na nyeusi, kahawia na zambarau, kwangu vikawa kitambaa kimoja.

Viporo vilikuwa 14. Vitatu vilibakiza ukingo tu. Vitano vilikuwa vya miraba mikubwa isiyoshonwa yote. Vinne vilikuwa vya pembetatu ndogo. Viwili vilikuwa vya kushona tabaka kwa mkono, mishono midogo mfululizo. Kosa nililofanya ni kuanza na kile nilichokipenda zaidi, cha pembetatu 240 za inchi 3, bluu na nyeusi.

Naeleza kilichotokea kwa kirefu, maana wengi hudhani ni mkono umechoka, kumbe ni hesabu. Blanketi ya viraka hushonwa kwa kuacha robo inchi ukingoni mwa kila kipande. Usipouona vizuri mstari, unashona karibu na ukingo kuliko inavyotakiwa, tuseme kwa milimita 1 tu. Milimita hiyo inabaki kwenye kipande pande zote mbili za mshono, kwa hiyo kila kiungo kinaongeza upana wa milimita 2. Safu yenye viungo 12 inazidi kwa milimita 24, karibu inchi nzima. Safu ya pili nilishona asubuhi kwenye mwanga mzuri, ikatoka sawa. Ya tatu jioni, ikazidi. Hakuna safu mbili zilizokutana. Nikavuta ile fupi ili ifikie ndefu, na hapo pembetatu zikamaliza kazi, kwa sababu upande wake mrefu umekatwa kwa mshazari na kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika kama mpira. Kati ikainuka kama kofia. Pasi haikuilaza, maji hayakuilaza. Nilifumua safu tatu, na kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi ni kukata kitambaa chenyewe. Nilitoboa vipande saba.

Hapo ndipo nilipoacha kutegemea jicho kwa robo inchi. Nilichukua plasta ya kidonda, ile ya roli ya kitambaa, nikakata vipande sita vya urefu wa inchi 2 na kuvibandika kimoja juu ya kingine kwenye kibati kilicho chini ya mguu wa cherehani, upande wa kulia, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano. Ili kupata kipimo, weka rula chini ya sindano, izungushe gurudumu kwa mkono mpaka ncha iguse mstari wa robo inchi, halafu bandika plasta kwenye ukingo wa rula. Tabaka sita zinatengeneza ukuta mdogo ambao kitambaa kinaugonga na kidole kinausikia. Kuwa mwangalifu plasta isifunike meno yanayosukuma kitambaa wala isizuie kifuniko cha bobini. Gundi ikianza kuteleza kwa joto, badilisha. Mimi hubadilisha kila baada ya wiki mbili au tatu. Tangu siku hiyo safu zangu zinakutana, hata zile ninazoshona jioni. Ni kazi ninayojivunia kuliko blanketi yoyote niliyomaliza nikiwa na macho mazima.

Uzi nao niligeuza. Nilikuwa nikifuata rangi ya kitambaa kama nilivyofundishwa. Sasa vitenge vyeusi naviunga kwa uzi wa kijivu. Mshono wa kuunga viraka unabaki ndani, na ukaze wa uzi ukiwa sawa na hatua ya mshono ikiwa milimita 2.5, hauonekani juu. Ukitaka kufumua, unauona. Chini ya kazi natandika kitambaa kinyume: kazi nyeusi juu ya shuka nyeupe, kazi nyeupe juu ya shuka nyeusi. Taa nimeiweka kushoto kwa sababu natumia mkono wa kulia, chini ya usawa wa macho ili isinichome.

Kwa kuchagua vitambaa, kitenge cha wax kina baraka moja kubwa: mbele na nyuma ni sawa, huwezi kukosea upande. Khanga si hivyo, nyuma yake imepauka kidogo tu, kiasi ambacho jicho bovu halioni. Kila kipande cha khanga nakichoma pini kubwa ya kufunga upande wa nyuma, kwenye kona, mara tu ninapokikata. Rangi mbili nikizitilia shaka nazipiga picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Zikitoka kijivu kimoja, hazikai pamoja.

Kukata nakata kwa kibao. Fundi seremala alinikatia miraba ya plaiwudi nyembamba, inchi 5 na inchi 6 na nusu, kwa pesa kidogo tu. Chini nimegundisha msasa, upande wa mchanga ukigusa kitambaa, hivyo hakitelezi. Mkasi unafuata ukingo wa mbao bila mstari wowote. Panapohitajika mstari kweli, kama kwenye giza la kitenge, kipande chembamba cha sabuni kinaonekana kuliko chaki.

Sindano za mkono: usimwite mjukuu kila dakika tano akutungie. Anatunga sindano 12 mara moja kwenye uzi mmoja ambao haujakatwa kutoka kwenye roli. Zote zinakaa kwenye uzi kama shanga. Ukihitaji, unashika ya mwisho, unavuta uzi wa urefu wa mkono huku zile nyingine zikisukumwa nyuma, unakata. Ya pili inakungoja. Asubuhi moja ya mtoto inakutosha wiki. Na pini zilizoanguka nazitafuta kwa sumaku ya spika bovu iliyofungwa kwenye soksi. Naipitisha sakafuni kabla mtu hajapita peku.

Baada ya haya ndipo nikapanga viporo upya, kwa swali moja tu: vidole vyangu vinaweza kukimaliza? Uzuri wa kitambaa haukuingia kwenye hesabu. Vile vitano vya miraba niliendelea navyo kama vilivyo. Kati ya vile vinne vya pembetatu, viwili vilivyokatwa lakini havijashonwa nilimpa fundi kijana wa jirani pamoja na mchoro wake. Viwili vilivyoanza nilichukua miraba iliyokwisha kuungwa, nikaweka kati yake miraba mikubwa ya rangi moja, krimu. Blanketi ikakua upesi na pembetatu zikaonekana vizuri kuliko zilipojazana.

Anayetaka bado pembetatu asikate kwanza. Lundika miraba miwili ya inchi 5, ikunje kona hadi kona na uipige pasi mpaka mkunjo ushikike kwa kidole, ikunjue, shona robo inchi kila upande wa mkunjo, kisha kata kwenye mkunjo. Unapata vipande viwili vya inchi 4 na zaidi ya nusu kidogo, ukivisawazisha vinakuwa inchi 4 na nusu, na mshazari haukuguswa kabla ya kushonwa.

Vile viwili vya mishono ya mkono ndivyo vilivyoniuma. Mishono minane kwa inchi sitaiona tena. Nilifumua nilichokuwa nimeanza, nikavifunga mafundo kama fundi anavyofunga godoro la sufi: sindano ndefu, uzi mnene wa pamba, inashuka na kupanda milimita 5 pembeni, fundo mbili, kila baada ya upana wa kiganja. Ndani nimeweka blanketi jepesi lililofuliwa kwanza, maana la pamba likifuliwa baadaye hunywea na kuvuta viraka. Usizidishe nafasi ya kiganja, tabaka la ndani litajikusanya kwenye kona.

Ukingo wa vile vitatu nilikata vipande vya inchi 2 na nusu vilivyonyooka, si vya mshazari. Blanketi ya sentimita 150 kwa 200 ina mzunguko wa mita 7, na vipande saba vya upana wa kitenge vinatosha na akiba ya kuungia. Kunja katikati kwa pasi, shona nyuma kwanza, geuza mbele, kisha pitisha cherehani mara ya pili juu. Wengine watakwambia upande wa pili lazima umalizwe kwa mkono. Mshono wa cherehani unashikilia zaidi, na ukiuanza nyuma, ule unaoonekana mbele ni ule unaouongoza kwa kidole. Kila shubiri simama, pitisha kidole chini: usipousikia uzi, bobini imekwisha na umekuwa ukitoboa matundu matupu.

Vimebaki viporo viwili, vyote vya miraba. Kimoja kina majina ya khanga niliyoyakata mazima na kuyapanga yote yasomeke kutoka upande mmoja, na hicho nakishona saa nne asubuhi tu, jua likiwa dirishani.